Katarina Likwata na Glavu za Siku ya Wageni

Ndugu waombolezaji, marehemu Katarina Likwata alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kipatimu, wilayani Kilwa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tomaso Likwata, akabatizwa misheni ya hapohapo, na akamaliza darasa la saba mwaka 1996. Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Damiani Kondo, wakajaliwa binti mmoja, Imani.

Mwaka 2008 walihamia Lindi mjini, naye akaajiriwa kubangua korosho katika kiwanda kinachouza ng'ambo. Alifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, akijipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome, na bado yalimchoma, hata mwaka 2019 alipokwenda kusajili laini ya simu mashine haikusoma kidole chake hata kimoja, akawatania wenzake kwamba sasa anaweza kuiba asikamatwe.

Juni 2021 walikuja wanunuzi kutoka Ulaya kukagua kiwanda, na asubuhi hiyo kila mbanguaji alipewa glavu nene za mpira, wageni wakapiga picha, wakaondoka, na gari lao halijafika barabarani msimamizi akapita na ndoo kuzikusanya. Wote walivua isipokuwa Katarina, aliyemwambia, "Wageni hawajashika korosho hata moja. Anayeshika ni mimi."

Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba cha kukaangia, kwenye moshi, akaambiwa akizirudisha glavu atarudi kwenye benchi la kubangulia. Damiani alimsihi azirudishe, akakataa, glavu akampa Mwahija, aliyekuwa jirani yake wa benchi, na tangu hapo wanawake wa benchi lile wakawa wanazivaa kwa kupokezana, zikitoboka wanaziziba kwa viraka vya tyubu ya baiskeli.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2023, akalazwa mara kadhaa, na akafariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025. Cheti kinasema mapafu, moshi hakikuutaja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na wabanguaji wenzake, ambao wamepewa ruhusa hadi saa sita tu. Mwahija hakupewa ruhusa, yuko benchini, ametuma salamu kwamba leo glavu amezivaa yeye.

Pumzika kwa amani, Katarina, na mikono yako ipumzike.