Matofali ya Kitanda cha Mama

Ndani ya basi, bibi mmoja alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, kwa mke na mume waliokuwa wakienda kumchukua mama wa mke hospitali.

"Daktari kasema mama, na nyonga ile, asikalie kitu kifupi. Wewe ndiyo kwanza unafunga springi fupi za kushusha gari."

"Imebaki moja tu, mke wangu. Imegoma kuingia."

"Na matofali ya kuegemezea gari umeyatoa wapi?"

Mume akageukia dirishani.

"Si yale niliyoinulia kitanda cha mama?"

Bibi akajikuta ameshika nyonga yake mwenyewe.

"Nitayarudisha."

"Lini, baba? Gari bado limeyakalia."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama mkwe alikuwa kituoni na magongo yake, akichungulia nyuma ya basi kuliona gari la mkwewe.