Dume la Miaka Hamsini na Mbili

Mchungaji, wazee wa mtaa, shemeji zetu, majirani wa Chamazi na nyie mliotoka Kiwalani na Tandale, mie ni Jovina, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu wengine wote wataishia kulia, na kulia kutatuchelewesha, na leo nina haraka ambayo sababu yake mtaijua kabla sijakaa.

Mdogo wangu Isack Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kamugisha, ambaye alifariki kwa ugonjwa wa sukari, na hilo neno sukari mlishike, maana kwetu inarithiwa kama shamba la migomba.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 akamaliza la saba mwaka 1970, wa pili darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kusikia anachoambiwa, na sifa hizo mbili alikaa nazo mpaka Jumamosi iliyopita.

Mwaka 1976 alifika Dar es Salaam, akaajiriwa katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba Chang'ombe, akafanya kazi miaka ishirini bila barua ya onyo hata moja, mpaka walipopunguzwa mwaka 1996. Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na Koku, fundi cherehani, huyu mnayemwona amekaa mbele yangu, na Mungu akawajalia mabinti wawili, walioolewa Mwanza na Dodoma, na kijana mmoja, Brightson, aliyezaliwa mwaka 1993. Walikaa Kiwalani hadi 2004, wakahamia hapa Chamazi, na hapa ndipo marehemu alipoanza kufuga kondoo.

Dume wake wa kwanza alimlisha mashudu ya pamba, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, kwa sababu ndicho kitu alichokijua tangu kiwandani, na dume akanenepa kama gunia, lakini majike wote kumi na mmoja wakabaki watupu, hadi afisa mifugo wetu, Bwana Lusungu, alipokuja akaangalia hori akacheka, akasema, "Mzee Isack, mashudu ya pamba yakizidi yanaharibu mbegu ya dume, wewe unamnenepesha bwana harusi asiyezaa." Marehemu aliona aibu wiki nzima, kisha akaanza utafiti wake.

Alikausha majani ya mlonge kivulini, akanunua uwatu na habasoda dukani kwa Mzee Yazid, ambaye alimtania akisema, "Isack ndugu yangu, uwatu kwetu tunawapa wanawake waliojifungua, wewe unampa bwana," akaongeza mbegu za maboga, akavitwanga vyote pamoja, akawa anamnyunyizia dume wake mpya, jina lake Kamanda, vijiko vitatu vya unga huo juu ya pumba, kila asubuhi kwa siku hamsini kabla ya kupandisha, kwa kuwa Lusungu alimweleza kwamba mbegu ya kondoo huchukua kama wiki saba kuiva. Kila Jumapili baada ya ibada alimpima korodani, Mchungaji anisamehe, ndilo neno la afisa mifugo, kwa futikamba ileile ambayo Koku anapimia magauni ya watu, na siku ya kupandisha alimpaka Kamanda udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kifuani, ili kila jike aliyepandwa aonekane kwa alama mgongoni. Mwaka 2023 majike kumi na wanane walipandwa, kumi na saba wakazaa, na watano kati yao wakazaa mapacha. Mtaa mzima ulikuja kutazama.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, ingawa wakati ule nilicheka na mie. Walikuja wafugaji, ndiyo, lakini wakaanza kuja na wanaume ambao hawajawahi kufuga hata kuku, wamevaa suruali za kupigwa pasi, wanasimama mbali na banda wasichafue viatu, wanasema, "Shikamoo mzee, nina dume langu kule nyumbani, siku hizi hana nguvu," na marehemu akiwapa kopo la unga na kuandika katika daftari lake la kupandisha jina la dume, umri na kipimo, halafu ananipigia simu, "Dada, leo nimepokea dume anayevaa saa." Hakuna aliyesema ukweli, na yeye hakuuliza, akidhani kumfichia mtu aibu ni heshima. Na yeye mwenyewe akaanza kuulamba unga huo, akasema hawezi kumpa mnyama kitu ambacho hajakionja.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na sukari mwaka 2017 akaanzishiwa vidonge, akavimeza vizuri, na kosa lake ni kwamba alimeza vidonge na unga wa Kamanda kwa pamoja. Tarehe 20 Agosti mwaka huu wa 2025 alianguka sebuleni akitetemeka, jasho likimtoka, ulimi mzito, wakadhani malaria, lakini hospitali walipompima wakakuta sukari imeshuka kupita kiasi, na daktari akamweleza kwamba vidonge vinashusha, na huo unga nao unashusha, kwa hiyo aache. Alirudi nyumbani amenywea. Alichukua daftari, akaanza kuwazungukia watu awaambie waache, akawapata wanne, akawafuta majina. Lakini yeye mwenyewe hakuacha kuulamba.

Jumamosi tarehe 6 Septemba, saa sita mchana, Koku alirudi kutoka sokoni akamkuta bandani amelala kando ya hori, Kamanda amesimama juu yake anamsukuma kwa kifua, na shati lote jekundu, na kelele mlizosikia mtaani siku ile ni za mke aliyedhani mumewe amechinjwa. Ulikuwa udongo wa alama. Alifikishwa hospitali akiwa ameshakata roho, na daktari akasema sukari ilikuwa imeshuka tena.

Sasa ndugu zangu, karatasi ya familia inaishia hapo, na wifi yangu Koku ameniomba nisiongeze neno, lakini juzi nilifungua lile daftari, na tangu juzi simu ikilia nadhani ni msiba mwingine. Mna majina kumi na tisa. Nimemuuliza Bwana Lusungu, anasema wafugaji wote waliochukua unga, pamoja na Kamanda, wana madume saba. Kumi na wawili waliobaki si kondoo. Mmoja ameandikwa "dume la Kiwalani, miaka hamsini na mbili", na mie nimelelewa na mifugo, hakuna kondoo anayefika hata ishirini. Mwingine ni "dume la Tandale, lina presha, linameza vidonge". Mwingine "dume la kwaya". Wanne wamefutwa, wanane hawajafutwa, na hao wanane nadhani wamekaa hapa, wamevaa vizuri, wananiangalia.

Najua mnaona aibu. Basi nianze na wa kwetu. Jina la mwisho ni "dume la nyumbani, miaka thelathini na miwili, hana mtoto bado, ana sukari kama baba, kijiko kimoja". Brightson, mwanangu, nimekuuliza tangu Jumapili, umesema, "Shangazi, mie siijui hiyo ishu," na kopo nimeliona juu ya kabati lako, limebaki nusu. Nimekuaibisha mbele za watu, na nitakuaibisha tena kesho ikibidi, kwa kuwa aibu hupita, ila wewe usipoacha nitakuzika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwezi wa Agosti na kumwambia ukweli, inawashukuru majirani wa Chamazi waliobeba maturubai na sufuria tangu Jumamosi, Mzee Yazid aliyefunga duka siku nne, Bwana Lusungu, Mchungaji na kanisa, na wazee waliofanya naye kazi Chang'ombe, wachache waliobaki.

Pale mlangoni pa banda, karibu na ndoo ya kunawia, nimeweka kikapu kwa ajili ya makopo, na daftari liko wazi juu ya kigoda, na kalamu juu yake. Anayemeza vidonge vya aina yoyote aende hospitali na kopo lake akaseme amekula nini. Sitasimama pale kuwatazama, ila jioni nitahesabu mistari, na usiofutwa nitautafuta nyumba kwa nyumba, na miguu yangu mnaijua, mtanichosha bure.

Brightson ameinuka. Mpisheni njia.

Isack, mdogo wangu, kazi uliyoiacha katikati tumeipokea, wewe pumzika kwa amani, sie huku amani yetu tutaipata jina la nane likifutwa.