Chungu Nilichowapikia Wapalilizi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na kama yupo aliyekuja na usingizi, aamke, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Sapiwi.

Mnanijua. Nilitoka kwenye nyumba ya tope, nikasoma mpaka ng'ambo, nikarudi na diploma ya kilimo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono! Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mimi ndiye niliyewaonyesha watu namna ya kupanda pamba kwa mistari. Nasema hivyo bila aibu.

Lakini pombe ilinishika, ndugu zangu. Nilifundisha kilimo asubuhi, jioni nikabebwa kutoka kilabuni. Shamba langu mimi, bwana shamba wa kijiji, likawa magugu matupu. Watu waliniuliza njiani, "Bwana shamba, hii nayo ni mbegu mpya?"

Mke wangu Kabula akachukua watoto, akarudi kwao Kasoli. Nilipomfuata, baba mkwe hakunipa hata kigoda. Akasema, "Atarudi siku nitakayosikia umeacha. Muige Masanja."

Masanja! Jina hilo lilinichoma kama pilipili jichoni. Tulichunga mbuzi pamoja. Darasa la nne lilimshinda. Kilabuni tulikaa benchi moja, na mara nyingi alilala chini yake. Sasa ameacha, pamba yake nyeupe, anasifiwa mpaka ukweni kwangu! Hata Kabula aliwahi kuniambia, "Masanja anafika kwake kwa miguu yake mwenyewe." Ndugu zangu, wivu ule ulinikosesha usingizi kuliko kiu.

Nikaona kundi likipalilia kwa Masanja, wanaume na wanawake, wakiimba. Asubuhi moja tu shamba zima likawa safi. Nikasema moyoni, kumbe siri yake ni hilo kundi! Nami nitaliita, na nitalikaribisha kuliko yeye. Nikamtuma balozi wa nyumba kumi awaalike. Kuuliza ni kundi gani, sikuuliza. Mimi nimwulize Masanja kitu?

Mnajua desturi yetu: ukiita watu wa jembe, unawapikia pombe. Dada yangu akapika chungu kikubwa.

Wakaja, Masanja akiwa nao. Wakalima vizuri mno. Jua lilipopanda wakaketi kwenye kivuli cha nyumba, nami nikakitoa chungu kwa mbwembwe. Wimbo ukakatika. Mmoja akageuza uso. Masanja akakitazama chungu, jasho likimtoka upya.

Nikaelewa kuwa anaogopa, na nikafurahi! Ndiyo, nilifurahi. Nikajaza kibuyu, nikampelekea mpaka mdomoni. "Kunywa, Masanja. Au siku hizi wewe ni mchungaji?"

Hakukasirika. Alisema, "Kaka, naitamani kuliko wewe. Ndiyo maana sitembei bila hawa."

Mama Limi, kiongozi wao, ambaye zamani alikuwa mpika pombe hodari, akaniambia, "Bwana shamba, ungeuliza. Sisi sote hapa tumekikimbia hicho chungu. Tunalima pamoja ili tusilazimike kuingia makundi ya jembe yanayolipwa pombe. Tukipumzika, kila mtu anasema wiki ilivyompeleka."

Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka! Wakakipa chungu mgongo, wakaanza kusema. Masanja akasema, "Juzi nilifika mpaka mlangoni pa kilabu. Nikakumbuka Mama Limi ana mdomo mkali, nikarudi." Wakacheka, wakampigia makofi, na mtu akamwekea mkono begani.

Ndugu zangu, hapo ndipo wivu uliponiua kabisa. Pamba yake niliisahau. Niliutaka ule mkono. Mtu anasema aibu yake mchana, na hakuna anayemdharau! Diploma yangu haikuwahi kunipa mahali kama pale.

Nikauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Niwape nini badala yake?"

"Maji," akasema Mama Limi.

Nyumba isiyo na mke haikuwa na maji. Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani mwenyewe. Nikirudi nayo kichwani, jirani akapaza sauti, "Mwangaluka, mayu!" akinisalimia kwa Kisukuma kama mama wa nyumba. Nikakaza mwendo.

Wakanywa. Kisha chungu tukakimwaga, mimi nimeshika upande huu, Masanja upande ule, maana hakuna kati yetu aliyeaminiwa kukibeba peke yake. Nikaomba jembe na nafasi kwenye mstari. Wakanisogezea, karibu na Masanja.

Bwana ni wa ajabu! Alinivuta kwa wivu wangu mwenyewe, kama ng'ombe anavyovutwa kwa pembe. Pamba ilipovunwa, Kabula alirudi na watoto. Baba mkwe alinipa kigoda, kisha akaanza tena kumsifu Masanja. Na wivu bado ninao, siwafichi! Masanja alianza kuacha kabla yangu, sitamfikia kamwe. Lakini asipokunywa leo, nami sinywi. Simwachii ushindi.

Namshukuru Mungu aliyelileta kundi lile mlangoni kwangu nikiwa sijui ninachokiita. Na wewe unayenitazama kwa kijicho hapo nyuma, ukisema huyu naye anajisifu, usiutupe wivu wako. Mtegemee Mungu, uje nao. Jumamosi tunapalilia kwangu. Njoo na jembe. Togwa isiyolevya ipo, na maji nitachota mwenyewe.