Dorika Nikolao, Aliyetolewa Kwenye Uji

Ndugu zangu mliotoka Lukuledi, Lisekese na Makote, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Niliambiwa mtoto hasomewi wasifu, litajwe jina tu tukazike. Nimekataa. Dorika aliishi, nami bibi yake nilimwona akiishi.

Marehemu Dorika Nikolao alizaliwa Lukuledi, kwa wajomba zake, tarehe 14 Machi 2014, mtoto wa kwanza wa mwanangu Nikolao na mkewe Anastasia. Alizaliwa mdogo kama kifaranga cha masika, wakunga wakatazamana. Mimi nikasema huyu anakaa. Akakaa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule.

Mwaka 2021 alianza darasa la kwanza shule ya hapa kijijini, na mpaka anafariki alikuwa darasa la tano. Kusoma alikuwa anasoma, na mdomo alikuwa nao. Ukimkataza jambo anauliza kwa nini, ukimjibu anauliza tena. Watu wakasema kamrithi bibi yake. Sikuwabishia.

Mtasema mtoto hana kazi. Dorika msimu wa korosho aliokota pamoja nasi kila asubuhi kabla ya shule, na gauni lake lilijaa madoa ya mabibo, mama yake akilifua anasonya. Ndoa hakuijua. Hata unyago alikuwa bado; kanga za kumtolea mwali nilishaziweka sandukuni.

Sasa nieleze alivyokufa, maana nasikia yanasemwa ya uchawi. Si uchawi.

Mwaka jana wazazi tulikutana shuleni juu ya uji wa saa nne. Mahindi yalikuwa hayatoshi, hilo ni kweli. Mwenyekiti wa kamati, Alfredi, yule pale mbele, akasema atakunywa mtoto ambaye kwao wameleta debe, na atakayemgawia mwenzake asiyeleta, naye atatolewa. Akaniambia, "Mama Nikolao, tukilisha wote, mwakani nani ataleta?"

Nikamjibu, "Ataleta aliyeleta mwaka huu. Anayekataa kulima ni baba, anayekaa na njaa ni mtoto."

Mkacheka, mkanyoosha mikono, ikapita. Mimi sikunyoosha. Msinisifu, mimi na Alfredi tuna ugomvi wa mpaka wa shamba, hata angesema mvua inalowesha ningekataa.

Nikolao alipeleka debe lake. Jirani yetu Ashiru hakupeleka, kwa kuwa alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika kiuno, hakulima. Binti yake Zuhra alikuwa anakaa dawati moja na Dorika. Jumatatu tarehe 17 Februari 2025, mwalimu wa zamu alimkuta Dorika anapitisha kikombe dirishani, Zuhra yuko nje anapokea. Akamtoa kwenye uji wiki nzima, kama mlivyopitisha. Dorika akamwambia, "Mwalimu, mahindi ni ya kwetu na tumbo ni langu. Nimemwibia nani?"

Nyumbani nako mnajua Februari ilivyo. Ghala limebaki vumbi, watu tunakula jioni tu.

Jumanne wenzao wakiwa kwenye uji, wao wawili walikwenda shamba la nyuma ya shule, wakang'oa muhogo, wakautafuna mbichi. Kwetu tunapanda mtamu, mtoto anang'oa anakula. Ule wa pale ni mchungu, umepandwa makusudi nguruwe pori wasiuguse, hauliwi mpaka uvundikwe, uanikwe, utwangwe. Mtoto mwenye njaa hasikii uchungu. Zuhra alitapika mapema, akapona. Dorika alishikwa na kizunguzungu, kisha degedege. Baba yake alimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza zahanati. Alikata roho njiani, saa nane mchana, tarehe 18 Februari 2025.

Jana Alfredi alikuja kunipa pole, na gunia la mahindi ya msiba. Nimelipokea. Akasema kamati itakaa baada ya arobaini kuliangalia jambo hili. Nikamwuliza watoto nao watakula baada ya arobaini?

Tangu juzi hapa msibani mnakula. Aliyeleta unga amekula, na aliyekuja mikono mitupu amekula, na watoto wake wamekula. Sikuona mtu amesimama kwenye sufuria kuuliza. Basi kulisha watu wote mnajua. Mnajua, ila mnangoja mtu afe.

Kesho Ijumaa saa nne nitakuwa kwenye jiko la shule. Wakiita wengine na kuacha wengine, nitakaa mbele ya sufuria, na atakayetaka kupakua aninyanyue kwanza. Mimi ni mzito.

Marehemu ameacha baba, mama, mdogo wake Gasper wa darasa la pili, mimi bibi yake, na rafiki yake Zuhra, ambaye dawati sasa ni lake peke yake.

Mungu amlaze Dorika penye amani, pasipo na njaa. Amina.