Kinyozi Aliyechelewa Kujifunza Kumaliza

Ndugu waombolezaji, mnivumilie, familia imenipa kazi hii nami nguvu sina. Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko hadi 1985, na huko ndiko mwalimu wa hesabu alikomfundisha chesi, tangu hapo hakushikika.

Mwaka 1988 alianza kazi ya kunyoa, akaweka ubao wa chesi kwenye benchi la wateja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kila mteja alipoingia mchezo ulikatishwa na kete zikakusanywa, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi Mkasi alicheza mianzo ya mchezo tu, akanunua vitabu vya mianzo, akaikariri, lakini pale wanapobaki wafalme na askari wachache hakuwa na habari napo.

Tarehe 2 Juni 1996 alimwoa shemeji yetu, muuza vitambaa, wakajaliwa binti mmoja tarehe 19 Januari 2003. Shemeji alimwambia waziwazi kwamba anapoteza michezo aliyokwisha kuishinda, ajifunze kumaliza kwanza, hayo mengine yatafuata, naye akacheka tu, jamani, kaka yetu alikuwa mbishi! Fainali ya chesi ya wilaya aliifikia mara tatu, zote akiongoza, zote ikamponyoka mwishoni.

Agosti 2023 figo zake zilishindwa kufanya kazi, akalazwa, ndipo akashtuka. Alimsihi daktari amfikishe fainali ya Aprili iliyofuata tu, baada ya hapo hamdai kitu. Kila alasiri binti alimpangia kitandani mfalme, ngome na askari mmoja, baba akikosea wanaanza upya, akilia kwamba muda ameutapanya mwenyewe, kilio tulikisikia hadi nje ya wodi, nasi hatukuwa na la kumfanyia.

Alifariki tarehe 21 Machi 2024, saa mbili usiku, fainali ikiwa bado. Alasiri ya siku hiyo alimaliza mchezo na binti yake, akashinda, kwa mara ya kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kulala nasi, na vinyozi wenzake waliofunga vibanda leo. Binti anasema hakumwachia baba yake ashinde, tunawaomba sana, mtu asimuulize tena.

Pumzika kwa amani, kaka, sisi huku hatujatulia.