Msuli Hausukumi

Kwenye pikapu ya Himo kwenda Kilema, kijana mmoja mwanafunzi wa utabibu, mwenye viganja visivyolijua jembe, alikuwa akimfundisha mama aliyekalia mzigo wake wa majani ya ng'ombe. "Mama, ndani ya msuli mna nyuzi. Zikiteleza na kuingiliana, msuli unafupika, unavuta mfupa. Msuli unavuta tu. Hausukumi kamwe."

"Mwanangu, miaka thelathini napandisha majani kwa kichwa. Hizo nyuzi zangu zilisoma wapi?"

"Ndiyo maana mnachoka, mama. Mnatumia misuli bila kuielewa."

Mbele ya misheni gari likazama kwenye tope. Sisi abiria wengine tukashuka kusukuma, msomi akavitazama viatu vyake vya mtumba, akabaki amekaa. Mama akaegemeza bega kwenye bodi. "Baba, kama msuli wako hausukumi, shuka upite mbele, utuvute."