Alichokisema Sirin

Alhamisi ya mwisho ya Februari, saa saba na robo mchana, manyunyu yaliyoanza kuanguka Berlin tangu alfajiri yalikuwa bado hayajaamua kama ni mvua au theluji. Chini ya turubai la duka la Mama Jalal, katika mtaa wa Neukölln, benchi lilikuwa na watu wawili na nafasi ya wa tatu. Kushoto alikaa Fawwaz, dereva teksi mstaafu, ambaye mtaa ulimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amezimwa. Kulia alikaa Eckhard, Mjerumani aliyeendesha treni za chini ya ardhi kwa miaka thelathini. Huyu walimwita Ibara, kwani hata ukimsabahi alikurudishia salamu na kifungu cha sheria. Mwenye nafasi ya katikati alionekana akitoka kituoni bila mwavuli. Alikuwa Mundhir, fundi lipu, Mpalestina aliyezaliwa kambini Lebanon, ambaye miaka yake kumi na mmoja ya kwanza katika nchi hii aliiishi kwa karatasi ya kuvumiliwa tu, isiyo kibali cha kuishi, iliyofanywa upya kila baada ya miezi mitatu. Katika miaka hiyo alijifunza kanuni moja ya maisha: ofisini weka saini kwanza, maswali utauliza nyumbani. Kijiweni walimwita Saini.

— Tupe habari, Saini! alidakia Redio kabla mwenzake hajakaa. Wamemwachia binti?

— Bado. Mahakama imepumzika. Wanarudi saa tisa.

Mundhir alikaa. Mama Jalal alitoka na dele la kahawa chungu yenye iliki, akammiminia kikombe kidogo kisicho na mkono. Mundhir akakinywa kwa funda moja, akakirudisha bila kukitikisa. Mama Jalal, ambaye kwao kikombe kisichotikiswa humaanisha endelea, akamjazia tena.

Sirin alikuwa mtoto wa pekee wa Mundhir, mwenye miaka ishirini na mitano, aliyebakiza miezi mitano kuajiriwa ualimu wa shule ya msingi. Mnamo Oktoba, katika mkutano wa kuwaunga mkono Wapalestina uliosajiliwa kwa taratibu zote, alishika kipaza sauti akasema sentensi moja. Sentensi hiyohiyo mahakama ya mji mmoja ilikwisha kuihesabu kuwa ni maoni, na mahakama ya mji mwingine ikaihesabu kuwa ni jinai. Sirin alikuwa na bahati ya kuisema hapa, ambapo lolote lingeweza kutokea.

— Mwendesha mashtaka ametoa neno, alisema Mundhir. Kesi ifungwe. Hana hatia, hana doa, hana chochote. Afanye kazi saa arobaini kwenye bustani ya nyumba ya wazee, basi.

— Saa arobaini kwa sentensi moja! Redio alishika kichwa. Ewe Mola! Mimi wangenilimisha Ujerumani nzima, na Austria juu!

— Ni utaratibu unaojulikana, alisema Ibara, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayejua. Ila sielewi. Kifungu cha tano cha katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake kwa maneno, maandishi na picha. Nimewakaririsha wanangu mezani.

— Basi umesahau kuwakaririsha wenzako, bwana Ibara, alisema Redio.

— Sasa mbona umenuna? Mama Jalal alimuuliza Mundhir. Bustani si jela.

Mundhir aliinamia kikombe. Akaeleza kwa mpangilio, kama anayepanga matofali. Kwanza, Sirin akikubali, jambo linakwisha leo na ualimu wake unabaki salama. Pili, wakili wake, Bi İlknur, hakumficha: akikubali, hakuna jaji atakayelazimika kutamka kama sentensi ile inaruhusiwa au la, na nyuma yake kuna vijana wengine watatu walioshtakiwa kwa sentensi hiyohiyo. Akipinga na kushinda, wale watatu watapata ukuta wa kuegemea. Akipinga na kushindwa, darasani ataingia kufuta vumbi, si kufundisha.

— Na yeye anasemaje? aliuliza Ibara.

— Ndiyo balaa lenyewe. Kaniambia, "Baba, wewe ndiye uliyenilea. Ukiniambia nikubali, nitakubali. Lakini uniambie kwa mdomo wako." Nikatoka mle ndani. Nikapanda treni.

— Umemkimbia mwanao kortini? Redio alitoa macho. Saini wee!

— Nimekuja kufikiri.

— Hapa? Hapa watu wanakuja kupumzika kufikiri!

Mama Jalal alimimina cha tatu. Redio akajivuta mbele, ishara kwamba matangazo yameanza.

— Sikilizeni. Si maneno, ni chombo. Lile gari la polisi pale kona lina mashine. Ikisikia Kiarabu, taa nyekundu. Mwaka jana kuna mkutano ulipewa sharti: hotuba kwa Kijerumani au Kiingereza tu. Bibi mmoja kapiga chafya, kasema alhamdulillahi, wakamwandika!

— Kamba hiyo, alisema Mama Jalal.

— Sharti la lugha ni kweli, alisema Ibara polepole. Nililisoma mwenyewe. Nilikaa chini nikalisoma mara ya pili. La chafya sina ushahidi.

— Unaona! Nusu kweli!

— Ila kuna kubwa kuliko hilo, Ibara aliendelea, akaweka kikombe chini kwa uangalifu. Watu wawili wanaotoa maoni ya pamoja mahali pa wazi, kisheria huo tayari ni mkutano. Sisi tuko wanne. Mkutano wa nje hutangulizwa taarifa saa arobaini na nane kabla.

— Ina maana nikitaka kukasirika Ijumaa, niwaarifu Jumatano? aliuliza Redio.

— Jumanne, kwa usalama. Isipokuwa hasira ya ghafla. Hasira ya ghafla inaruhusiwa bila taarifa.

— Alhamdulillahi, mimi zangu zote za ghafla!

— Na mkutano lazima uwe na kiongozi. Na wasimamizi wenye kitambaa mkononi.

— Kiongozi mimi! Redio alisimama, akachukua taulo la Mama Jalal akalifunga begani. Benchi hili, kwa mamlaka niliyojipa, linadai kahawa!

Hata Mundhir alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Mama Jalal hakucheka. Alinyoosha kidole ndani ya duka, kwenye vipande vya tikiti maji lililotoka Afrika, ghali mno kwa Februari, tunda lenye rangi zote za bendera ya Palestina.

— Mwaona nimevigeuza? Wekundu umeangalia ukutani, ganda ndilo linaangalia barabara. Hakuna aliyeniambia. Nilijiona tu asubuhi moja mikono inavigeuza yenyewe. Mimi, mwenye duka miaka ishirini na mbili! Naogopa tunda.

Redio alifungua taulo begani, akalikunja.

— Binti apigane, Saini, alisema hatimaye. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe!

— Methali hiyo inasema kinyume, alisema Mama Jalal.

— Methali ni kama teksi, mama. Inakwenda anakotaka abiria.

— Ni rahisi kwako! Mundhir aligeuka ghafla. Si wako anayesubiri kiti cha ualimu. Mimi nimesimama foleni miaka kumi na mmoja ili yeye asisimame. Mtu wa ofisi akikupa mlango, unapita, unasema ahsante. Huulizi mlango umetengenezwa kwa mti gani!

— Na wale watatu walio nyuma yake? Na Jal...

Redio aliuma ulimi, lakini jina lilikwisha kutoka nusu. Wa pili katika wale watatu alikuwa Jalal, mtoto wa mwenye duka.

Mama Jalal alichukua kikombe cha Mundhir, akakijaza cha nne, akamkabidhi kwa mkono wa kulia.

— Abu Sirin, alisema, akimwita kwa jina la heshima ambalo kijiweni halikutumika. Usimwangalie Jalal wangu. Nakuapia sitakulaumu. Kila mzazi na wake.

Ndipo alipofika mgeni. Alikuwa bibi wa Kijerumani mwenye kofia ya sufu na kikapu cha magurudumu, aliyehamia ghorofa ya tatu wiki iliyopita. Alitaka limau na kotmiri. Lakini benchi zima lilikuwa na nyuso za msibani, naye hakuwa mtu wa kupita msiba bila kuuliza.

— Samahani. Naitwa Gudrun, wa juu. Kuna aliyefariki?

— Hapana, Bi Gudrun, alisema Redio, akapata nguvu za msikilizaji mpya. Binti wa huyu bwana yuko kortini. Kwa sentensi. Sentensi moja tu!

— Kwa sentensi? Bibi aliachia kikapu. Hapa kwetu?

— Hapahapa. Treni vituo viwili.

— Mungu wangu. Alisema nini?

Redio alifungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi. Alitupa jicho kona, kwenye gari jeupe lenye mistari ya buluu, ambalo polisi wake wawili walikuwa wakila mikate kwa utulivu kabisa. Akafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, Redio ilizimika.

— Bwana? Gudrun alimgeukia Ibara, kama mtu anayerudi kwa wa kwao. Alisema nini?

Ibara alinyoosha mgongo, akakohoa kusafisha koo. Mundhir aliona kifua chake kikijaa, kama cha mtu anayetaka kuimba. Kisha pumzi ikatoka tupu.

— Inategemea, Ibara alisema. Ukirudia kwa ajili ya kuripoti, labda. Ukirudia hadharani, penye watu zaidi ya wawili... Sijui. Miaka sitini na tisa nimeishi nchi hii, bibi. Sijui kama naruhusiwa kukujibu.

Akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na ukungu.

Mama Jalal aliangalia chini. Yeye alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa na tarehe ya kesi.

— Lakini ni matusi? bibi aliuliza, sasa kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini ameishusha. Alitaka mtu apigwe? Auawe?

— Hapana! alisema Mundhir. Alisema...

Naye akasimama hapo. Sentensi ilikuwa ulimini, ameijua tangu utoto, mama yake aliisema kambini akikanda unga, kama watu wanavyosema Mungu akipenda. Asubuhi ile yote mahakamani hakuna aliyeitamka. Waliiita "kauli tajwa", na yeye alidhani huo ni ustaarabu wa sheria. Sasa aliitafuta sauti yake mwenyewe, mbele ya bibi mwenye kikapu aliyeuliza kwa nia njema, asiione. Hapakuwa na jaji pale benchini. Hapakuwa na mwendesha mashtaka. Hakuna aliyemletea karatasi ya kusaini. Na tayari alikuwa amesaini.

Alitoa simu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

— Sirin. Usikubali.

Sauti ya binti ilisikika hadi kwa Ibara.

— Baba? Una uhakika? Umefikiri?

— Sikufikiri. Nimeulizwa swali.

— Na nani?

— Na jirani. Nimeshindwa kulijibu. Mwambie Bi İlknur apinge. Nakuja, nakaa mstari wa mbele.

Pumzi ndefu ikasikika, na simu ikakatika. Mama Jalal aliinua dele ili ammiminie cha tano, kahawa ikamwagika kidogo kwenye benchi. Mundhir akashika kikombe kwa vidole viwili, akakitikisa kushoto na kulia.

— Imetosha, alisema.

Mama Jalal aliligeuza dele. Halikuwa na kitu hata hivyo. Akaingia dukani, na wote walimwona akigeuza vipande vya tikiti maji kimoja kimoja, wekundu ukaangalia barabara.

Mundhir alisimama, akafunga vifungo vya koti. Bi Gudrun bado alikuwa amesimama kwenye manyunyu, amelisahau limau lake.

— Samahani sana, alisema. Sikukusudia kuwaudhi. Nilidhani labda ni hotuba ndefu.

Mundhir alimtazama. Kisha akainua mkono wa kulia, midomo ikicheza bila sauti, akakunja kidole kimoja kwa kila neno hadi ngumi ikafumba, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikafuata.

— Sita, alisema.